Nilivyomtafuta Juma wa South Kingstown

Nyumbani kwa mama mkwe wangu, mjini Providence katika jimbo la Rhode Island, iko Biblia kubwa iliyobanduka jalada. Baina ya Agano la Kale na Agano Jipya zimo kurasa zilizopigwa mistari ya kuandikia ndoa, vizazi na vifo vya familia. Mtu wa kwanza kuandikwa humo ni mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1830. Kabla yake hamna kitu. Lakini Mama, ambaye sasa ana miaka themanini na ushei, aliambiwa na baba yake, naye baba yake aliambiwa akiwa mdogo na babu yake, kwamba nyuma ya mtoto huyo yuko mzee mmoja aliyekuwa mtumwa. Mzee huyo alipigana vita vya George Washington, vile vya Wamarekani kujitoa mikononi mwa Waingereza, akarudi hana vidole vya miguu, na serikali ikampa shamba.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nililelewa na bibi yangu mzaa baba kule Pangani, naye baada ya magharibi alikuwa akituketisha barazani na kutufundisha nasaba: fulani bin fulani bin fulani, mpaka majina saba. Ukikosea unaanza upya. Kwa hiyo Mama aliponisimulia habari ya yule mzee, jambo la kwanza nililofanya ni kuhesabu ngazi kwa vidole. Mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Nikamwambia, "Mama, wewe ni kilembwekeza wake." Akanitaka nilirudie neno hilo, akalirudia yeye mwenyewe taratibu, kisha akaniuliza kama kweli tuna neno la mtu wa mbali namna hiyo. Kwa Kiingereza anahitaji kulirudia neno lile lile mara tatu mfululizo ndipo amfikie. Nadhani hapo ndipo alipoamua kwamba kazi hii ni yangu, ingawa nilikuwa mke wa mwanawe tu na sina damu ya huko.

Nilianza majira ya baridi ya mwaka 2016. Nafanya kazi za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na siku zangu za mapumziko nikawa nazipeleka kwenye nyaraka. Kila niliyemwomba ushauri alinipa onyo moja: ukitafuta watu Weusi wa Marekani utagonga ukuta mwaka 1870. Sababu yake ni kwamba sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wale milioni karibu nne waliokuwa watumwa mpaka mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860, karibu kote, jina linaloandikwa ni la bwana. Chini yake zimepangwa jinsia, umri na rangi za wanaomilikiwa, bila jina hata moja.

Onyo hilo ni la kweli kwa watu wa Kusini. Mimi lilinipotezea muda, maana familia ya Mama ni ya Kaskazini, na kufikia 1850 walikuwa huru. Sensa ya 1850 ilimtaja kwa jina kila mtu huru, mkubwa kwa mdogo, pamoja na umri na mahali alipozaliwa. Nilipotambua hilo nikamwona mara moja: kijana wa miaka 20, yule wa kwenye Biblia, akiishi na baba yake wa miaka 55, kazi yake baharia. Baba huyo alifariki mwaka 1861, wakati Rhode Island ilikuwa tayari imeanza kusajili vifo kwa jimbo zima, na kwenye cheti chake kulikuwa na nafasi ya jina la baba wa marehemu. Nafasi hiyo ilijazwa.

Jina kamili sitaliandika hapa, kwa heshima ya familia. Nitasema tu kwamba jina lake la ukoo lilikuwa la bwana aliyemmiliki, na kwamba jina lake la kwanza lilinifanya nisimame katikati ya chumba cha kusomea, watu wakaniangalia. Lilikuwa jina la Waakani wa Ghana, limeandikwa kama Mwingereza alivyolisikia. Miongoni mwa watu wale, mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa huitwa Kofi, na makarani wa Rhode Island walizoea kuliandika Cuff au Cuffee. Sasa mimi nina kaka anaitwa Khamis na mjomba anaitwa Juma. Sikuhitaji profesa wa kunieleza maana ya kumwita mtu kwa siku yake. Kwa hiyo katika simulizi hii nitamwita Juma, na nyumbani kwetu ndivyo tunavyomwita mpaka leo. Hata Mama anasema Juma.

Siku ile ile nikafanya kosa la kwanza. Nilimpigia simu Mama nikamwambia kwa furaha kwamba mzee wake alizaliwa Ghana. Cheti hakikusema hivyo. Jina ndilo lililosema, na jina linaweza kurithiwa. Mimi mwenyewe najua watu wanaoitwa Juma waliozaliwa Jumatatu, kwa sababu babu zao waliitwa Juma.

Kabla ya 1850 mambo yanakuwa magumu. Sensa za kuanzia 1790 hadi 1840 zinataja mkuu wa kaya peke yake. Wengine wote ni tarakimu ndani ya vyumba vya jedwali. Ile ya 1790 ilikuwa na safu tano: wanaume weupe huru wenye miaka 16 na zaidi, wanaume weupe chini ya hapo, wanawake weupe huru, kisha safu iliyoitwa "watu wengine wote walio huru", na mwisho watumwa. Juma yuko Providence mwaka huo, mkuu wa kaya, na mbele yake kwenye safu ya nne iko namba 2. Yeye na mtu mmoja zaidi. Niliitazama ile mbili kwa muda mrefu. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza niwaone pamoja, yeye na mkewe, hata kama mkewe hakupewa hata herufi moja.

Vita navyo vilimwacha katika karatasi nyingi kuliko nilivyotarajia. Februari 1778 jeshi la Washington lilikuwa limechoka na Rhode Island haikuwa na wanaume wa kutosha kutimiza vikosi vyake. Baraza la kutunga sheria likapitisha kwamba mtumwa yeyote mwenye mwili wa kufaa, awe Mweusi, chotara au Mhindi Mwekundu, anaweza kuandikishwa, na akishakaguliwa na kupokewa anakuwa huru pale pale. Bwana wake angelipwa na serikali kwa kadiri ya thamani ya mtumwa, isizidi paundi 120. Wenye watumwa walipinga sana, na baada ya miezi michache mlango ukafungwa, lakini zaidi ya mia moja walikuwa wamekwisha kupita. Hao ndio walioifanya Rejimenti ya Kwanza ya Rhode Island ijulikane. Orodha ya malipo ipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Jina la mtumwa, jina la bwana, mji, bei. Juma yumo, wa mji wa South Kingstown.

Niseme wazi nilivyoiona karatasi hiyo. Watu huisifu kama hati ya ukombozi. Kwangu mimi ni risiti. Fedha zilikwenda kwa aliyekwisha kumtumikisha miaka yote ile, na Juma aliulipia uhuru huo mara ya pili kwa miaka mitano ya jeshi. Agosti 29 mwaka ule ule, 1778, rejimenti yake ilikuwa kwenye kisiwa cha Aquidneck ikizuia mashambulizi ya askari wa Kijerumani waliokodiwa na Uingereza. Wengi wao walikuwa na miezi michache tu tangu washike bunduki. Pale Portsmouth sasa kuna mnara wenye majina yao yaliyochongwa. Tulimpeleka Mama, akapitisha kidole kwenye herufi mpaka akamfikia wake, akasimama pale kwenye upepo wa bahari mpaka mume wangu akamshika mkono kumrudisha garini.

Kosa la pili ndilo lililoniumiza.

Nilipotafuta mafaili ya pensheni, yale yaliyohifadhiwa Washington na ambayo sasa yanaweza kusomwa kwa kompyuta, nilipata faili la mtu mwenye jina lile lile, wa rejimenti ile ile. Alikuwa ameomba mwaka 1832, wakati Bunge la Marekani lilipotoa sheria ya kumlipa kila askari mzee aliyetumikia angalau miezi sita bila kuuliza kama ni maskini. Mtu huyu alikuwa amehamia jimbo la New York na alikuwa na shamba lake mwenyewe. Shamba! Hadithi ya Mama ilisema shamba. Nikaacha kuuliza maswali. Nilichora mti wa ukoo kwa wino mzuri, nikautia kwenye fremu, nikamkabidhi Mama siku ya kuzaliwa kwake mbele ya watoto, wajukuu na marafiki wa kanisani. Akalia. Kila mtu akanipongeza.

Miezi minne baadaye nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa katika kumbukumbu za mahakama za Rhode Island. Nikamkuta Juma mwaka 1820, amesimama mbele ya jaji, mzee na maskini, akitaja mali zake. Hana shamba. Wala hayuko New York. Nilitetemeka. Nikajaribu kujiambia kwamba alihama baada ya hapo, lakini nilipolifungua faili lake halisi nikaona kwamba malipo yalikoma mwaka 1826 kwa sababu ya kifo. Yule wa New York alikuwa hai miaka sita baadaye. Walikuwa watu wawili, wametoka miji miwili tofauti, wamevaa jina moja kwa sababu watu wenye kumiliki watumwa walikuwa na mazoea yale yale ya kuita watu, na kwa sababu ukoo mmoja wa matajiri uliwagawia watumwa wake wengi jina lake.

Laiti ningesoma faili lile la kwanza mpaka mwisho. Umri ulipishana kwa miaka saba. Jina la mke lilikuwa jingine. Watoto aliowataja walikuwa wengine. Yote yalikuwa pale mbele ya macho yangu, lakini nilikuwa nimekwisha kuona neno "shamba" na moyo ukaridhika. Tangu hapo nina utaratibu ambao siuvunji: simpokei mtu mpaka mambo matatu yakubaliane mbali na jina lake, na hadithi ya familia haihesabiwi kuwa mojawapo ya hayo matatu. Mke, umri, mji, jirani, bwana, jeraha, kazi ya mtoto. Chochote, ila yawe matatu. Na karatasi inayonifurahisha kupita kiasi naiacha ilale siku mbili kabla ya kumwonyesha mtu.

Nilikwenda kwa Mama Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, lakini nilipoiona fremu ukutani, juu ya kiti chake, maneno yakaniishia. Nikamweleza tu. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi yule mwingine naye ana watoto wanaomtafuta. Mtoe hapo ukutani, mwanangu, umrudishe kwao." Akaniuliza, "Na wetu yuko wapi?"

Wetu alikuwa katika faili jembamba la karatasi chache. Sheria ya Machi 1818 ilitoa pensheni kwa askari wa jeshi la bara, yaani jeshi lililoongozwa na Washington mwenyewe, waliotumikia miezi tisa au mpaka mwisho wa vita na ambao wanahitaji msaada: dola 8 kwa mwezi kwa askari wa kawaida, dola 20 kwa ofisa. Waombaji walijaa kuliko serikali ilivyotarajia, ndipo mwaka 1820 Bunge likawataka wote warudi mahakamani na kuapa mali zao zote, bila kuhesabu nguo za mwilini na kitandani. Lengo lilikuwa kuwapunguza. Lakini kwa sababu ya sheria hiyo kali, leo tunajua Juma alikuwa na nini ndani ya nyumba. Sufuria moja ya chuma, imepasuka. Birika. Viti vitatu. Shoka. Jembe. Meza ndogo. Nguruwe mmoja. Anadaiwa dukani. Mkewe ni dhaifu. Mwanawe wa miaka 25 yuko baharini wala hamsaidii. Yeye mwenyewe ni kibarua, na hawezi kusimama muda mrefu kwa sababu vidole vyake vya miguu viliganda kwa baridi katika safari ya Oswego, vikakatwa.

Niliposoma hapo nilipiga kelele ndani ya maktaba. Vidole!

Mume wangu na ndugu zake walikuwa wanaamini siku zote kwamba mzee alipoteza vidole Valley Forge, kambi ile ya baridi ambayo kila mtoto wa shule Marekani hufundishwa. Haikuwa huko. Ilikuwa Februari 1783, wakati vita vilikuwa vimekwisha kwa kila namna isipokuwa kwenye makaratasi. Waingereza na Wamarekani walikuwa wamesaini masharti ya awali ya amani Novemba iliyotangulia, ila habari haikuwa imevuka bahari. Washington akamwagiza Kanali Marinus Willett aiteke ngome ya Waingereza iliyoko Oswego, kando ya Ziwa Ontario. Watu wa Rhode Island wakatembea katika theluji nzito usiku na mchana. Walipokaribia ngome, mwelekezaji wao akapotea njia, mapambazuko yakawakaribia, ikabidi wageuke na kurudi walikotoka. Wengi waliganda miguu. Hakuna risasi iliyopigwa.

Kwa hiyo familia ilikuwa imehifadhi jambo la kweli kabisa, vidole, kwa zaidi ya miaka 200, ila imelihamishia mahali penye sifa. Na shamba? Sikuliona popote. Nadhani shamba lilikuwa ahadi. Rejimenti iliachiliwa Saratoga Juni 1783, askari wakarudi makwao kwa miguu wakiwa na hati za mshahara badala ya fedha, na wengi wakaziuza hati hizo kwa walanguzi kwa sehemu ndogo ya thamani yake ili wapate chakula. Huenda Juma aliwasimulia watoto wake kile alichostahili kupewa, na kadiri simulizi ilivyoshuka, alichostahili kikawa alichopewa. Hiyo ni dhana yangu, na Mama naye ninamwambia hivyo hivyo, kwamba ni dhana.

Chini ya kiapo iko alama ya msalaba, mkono wake. Karani ameandika jina upande huu na upande huu, na katikati kuna mistari miwili ya wino iliyopishana, mmoja umeanza kwa nguvu na kuishia na doa. Katika yote niliyoyapata, hicho ndicho kitu pekee alichokiandika yeye.

Watu wa nyumbani wameniuliza mara nyingi kwa nini ninahangaika na wafu wa watu. Shangazi yangu alinisema kwa simu, kwa upole lakini alinisema. Namjibu kwamba wafu hawa si wa mbali kama wanavyoonekana. Bibi alikuwa na mapande ya merikani sandukuni, kile kitambaa kizito cheupe. Tangu Seyyid Said alipofanya mkataba na Marekani mwaka 1833, merikebu za wafanyabiashara wa Salem, mwendo mfupi tu kutoka hapa ninapoishi, zilikuwa zikikishusha Zanzibar, nacho kilifumwa kwa pamba iliyochumwa na watumwa. Na liko jambo jingine ambalo shangazi sikumwambia. Nasaba ya Bibi, upande wa mama yake, ilikuwa ikikatika ghafla. Tukifika kwa mwanamke mmoja aliyetoka bara, Bibi husema, "Basi, tumefika," akainuka kwenda kutafuta kibiriti awashe taa. Hakuna aliyeuliza. Pangani ilikuwa na mashamba ya miwa, na kila mtu mjini anajua miwa ile ilikatwa na nani.

Nilimkumbuka Bibi na kibiriti chake siku niliyokwenda Wakefield, kwenye ofisi ya karani wa mji wa South Kingstown. Rhode Island ina tabia ambayo mtafutaji lazima aijue mapema: mirathi na hati za ardhi hazikai kwenye kaunti kama majimbo mengi, zinakaa kwenye kila mji. Mimi nilizitafuta kwenye kaunti karibu mwaka mzima. Vitabu ni vikubwa kama meza ya chai, na mwandiko una ile "s" ndefu inayofanana na "f", inachosha macho mpaka uizoee. South Kingstown ya karne ya 18 ilikuwa ya mabwana wenye mashamba makubwa ya jibini na farasi wa mbio, na watumwa wengi kupita sehemu nyingine za New England. Nilitafuta mirathi ya ukoo wa bwana wa Juma, nikaipata orodha ya mali za marehemu mmoja ya mwaka 1761. Vyombo vya kugandishia maziwa. Mashinikizo ya jibini. Kisha "mwanamke mmoja Mweusi". Mstari unaofuata, "mwanawe", na jina la siku ya Ijumaa, umri miaka mitano. Kisha farasi jike.

Nimesema "nikaipata" lakini sikuichukua siku ile. Niliiacha ilale. Umri ulikubaliana na ule wa pensheni. Bwana alikuwa mrithi wa marehemu yule, kama orodha ya 1778 inavyoonyesha. La tatu likaja kutoka Providence.

Miji ya New England ilikuwa na desturi ya kuwahoji wageni maskini ili ijue ni mji gani utakaobeba gharama zao wakianguka. Mtu huitwa mbele ya baraza la mji, anasimulia alikozaliwa, nani alimmiliki, aliachwa huru lini, kisha baraza linaamua akae au arudishwe anakohesabiwa kuwa wa kwao. Kwa watu Weusi waliokuwa watumwa, "kwao" ilikuwa mji wa bwana. Juma alihojiwa mwaka 1796. Mistari kumi na mmoja. Anasema alizaliwa South Kingstown nyumbani kwa marehemu yule yule wa 1761. Kwamba alitumikia mpaka alipoingia jeshini. Kwamba baada ya vita amefanya vibarua bandarini. Kwamba ana mke, binti wa miaka minne, na mtoto wa kiume anyonyaye. Hakuzaliwa Ghana. Ikabidi nimpigie Mama simu nyingine. Safari hii alicheka, akasema, "Afadhali tumjue alivyo."

Baraza likaamuru arudishwe South Kingstown. Mtu aliyepigana miaka mitano kuianzisha nchi alisindikizwa na konstebo kutoka mji mmoja hadi mwingine ndani ya jimbo lile lile, pamoja na mke na watoto wawili, kwa sababu mji aliouchagua uliogopa siku moja atahitaji mkate. Nimehesabu kwenye ramani: kama maili 30. Kwa miguu ile.

Mwaka 2019 tulimpeleka Mama kutafuta kaburi. Rhode Island imezipa namba maelfu ya sehemu ndogo za makaburi zilizotapakaa mashambani na msituni, na nyuma ya makaburi ya ukoo wa bwana, yenye mawe ya kuchongwa, kuna safu za mawe ya shambani yaliyosimikwa bila herufi. Ndivyo walivyozikwa watumwa na wengi wa watoto wao. Newport wapo waliopata mawe yenye majina, na baadhi ya hayo yalichongwa na mchongaji aliyekuwa mtumwa mwenyewe, lakini huku hakuna. Sijui ni lipi la Juma, na sikumchagulia. Mama naye hakuniomba nimchagulie. Alipita kwenye kila jiwe, kila moja, kwa fimbo yake, kwenye majani makavu, ikatuchukua alasiri nzima.

Ukutani kwake sasa hakuna mti. Iko nakala ya ule ukurasa wa 1820 wenye sufuria iliyopasuka na nguruwe na msalaba wa wino. Wajukuu wakija huuliza kwa nini ametundika orodha ya vyombo, naye huwasomea yote, kitu kimoja kimoja, bila haraka.

Kilichobaki ni binti. Alikuwa na miaka minne mwaka 1796. Mwaka 1799 baraza la South Kingstown lilimtoa kwa mkataba wa utumishi katika nyumba ya mkulima mmoja mpaka afikishe miaka 18, kama mabaraza yalivyowafanyia watoto wa maskini, hasa Weusi, wazazi wao wakiwa hai na wako karibu. Mkataba unasema afundishwe kusoma na apewe nguo mbili akiondoka. Aliondoka mwaka 1810, kama aliondoka. Sijamwona tena: si kwenye ndoa, si kwenye vifo, wala kwenye sensa ambayo isingemtaja hata kama angekuwepo. Karani wa Wakefield ameniambia kipo kitabu cha maagizo ya baraza cha miaka ile ambacho sijakifungua, kiko rafu ya chini na mgongo wake umeachana. Nimeomba zamu ya Alhamisi ibadilishwe. Mama anasema atakuja, atakaa garini kukiwa na ngazi.